Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu Kiongozi na Mlipaji Mkuu wa Serikali: maili za safari za kikazi ni mali ya umma

Kwa: Katibu Mkuu Kiongozi, Katibu Mkuu Hazina na Mlipaji Mkuu wa Serikali, Katibu Mkuu Utumishi.
Nakala: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

YAH: MAILI ZINAZOTOKANA NA TIKETI ZINAZOLIPIWA NA SERIKALI

Ndugu viongozi,

Nawaandikia kama mtu wa tiketi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa kwenye ofisi ya wakala wa usafiri hapa Dar es Salaam, kutafuta nafasi, kulinganisha nauli na kukata tiketi. Sehemu kubwa ya wateja wetu ni wizara, mamlaka na mashirika ya umma. Nimeona tiketi hizo zikizalisha mali ambayo haiandikwi kwenye hati ya malipo wala kwenye marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha alizopewa mtumishi kwa safari, na hakuna mkaguzi aliyewahi kufika mezani kwangu kuiulizia. Mali hiyo ni maili.

Kwa msomaji asiyezijua, mambo huwa hivi. Shirika la ndege linamwandikisha msafiri bure na kumpa namba ya uanachama. Kila anaposafiri, namba hiyo inaingizwa kwenye tiketi na baada ya safari anawekewa maili kwenye akaunti yake. Zikitosha, anazibadilisha kwa tiketi nyingine, au anapandishwa daraja, au ananunulia bidhaa. Emirates wanao mpango unaoitwa Skywards, Ethiopian wana ShebaMiles, Turkish wana Miles&Smiles, RwandAir wana Dream Miles, Qatar wana Privilege Club, na KLM na Air France wana Flying Blue. Akaunti ni ya mtu binafsi, kwa jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Serikali ikilipa nauli ya mkurugenzi kwenda Geneva, maili zinaingia kwa mkurugenzi. Zitamsubiri akitaka kwenda Dubai na familia yake mwezi wa Desemba.

Simwiti mkurugenzi huyo mwizi. Hakuna waraka uliowahi kufika mezani kwetu sisi mawakala ukisema maili hizo ni za nani na zitumikeje, na mtu hawezi kuhukumiwa kwa kanuni ambayo hakuletewa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, si yeye.

Nataka tuitazame kwanza hesabu yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani haya ni makombo. Tangu mwaka 2018, Flying Blue hutoa maili kwa kufuata fedha iliyolipwa, si umbali ulioruka. Mwanachama wa ngazi ya chini hupata maili 4 kwa kila euro 1 ya nauli, kodi za viwanja zikiwa zimeondolewa. Wa ngazi ya Platinum, ya wanaoruka sana, hupata maili 8. Sasa wachukueni watumishi wawili wanaokwenda mkutano mmoja Amsterdam. Ofisa mgeni anakaa daraja la kawaida kwa nauli ya, tuseme, euro 600. Anapata maili 2,400. Bosi wake mwenye Platinum anakaa daraja la biashara kwa euro 3,000. Anapata maili 24,000. Serikali imelipa mara tano zaidi kwa tiketi ya bosi, na bosi amevuna mara kumi zaidi. Kadiri nauli inavyokuwa ghali kwa mlipaji, ndivyo inavyokuwa tamu kwa asiyelipa. Mpango umeundwa hivyo kwa makusudi.

Kwenye mashirika mengine maili bado zinafuata umbali, lakini hapo kuna jambo ambalo watu wa nje ya kazi yetu hawalioni. Ndani ya daraja lilelile la kawaida kuna nauli nyingi, kila moja na herufi yake. Wasafiri wawili wanakaa kiti sambamba, wanakula chakula kilekile, mmoja kwa nauli ya juu na mwingine kwa nauli ya promosheni. Wa nauli ya juu anapewa maili zote za umbali ule, wa promosheni anapewa sehemu ndogo, pengine hapewi kitu. Nauli ya juu ina sababu zake halali: inabadilishika tarehe bila faini kubwa, na mikutano ya serikali huahirishwa. Lakini dokezo la safari linapokuja likitaja shirika moja tu la ndege kwa jina, likikataa nauli ya chini ambayo nayo ingemfikisha ofisa kwa wakati, na chini yake kuna namba ya uanachama tayari, mkata tiketi anaelewa. Anaelewa pia inapofika Novemba na mtu anataka njia ndefu yenye vituo viwili badala ya kimoja, kwa kuwa amebakiza kidogo ahifadhi kadi yake ya dhahabu, yaani ngazi yake ya juu ya uanachama, kwa mwaka unaofuata.

Hili halikuanzia kwetu. American Airlines walianzisha mpango wao wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, miaka michache baada ya Marekani kuondoa udhibiti wa nauli, wakati mashirika yalipokuwa yakigombania abiria. Abiria waliowataka zaidi ni wale wanaoruka kila wiki kwa kazi, na hao tiketi zao hulipwa na waajiri. Anayechagua ndege si anayelipa. Mzawadie anayechagua, naye atarudi kwako hata kama jirani yako ni nafuu. Wanorway waliliona hilo hadi mamlaka yao ya ushindani ikapiga marufuku kutoa maili kwenye safari za ndani kuanzia mwaka 2002, kwa hoja kwamba maili ziliwafunga wasafiri wa kikazi kwa shirika kubwa na kuwanyima wapinzani nafasi. Marufuku hiyo ilidumu hadi 2013.

Na kwa anayesema maili ni makombo, nitamkumbusha mwaka 2020. Korona iliposimamisha ndege, United Airlines walikopa dola bilioni 6.8, na dhamana waliyoweka ilikuwa MileagePlus, yaani mpango wao wa maili. Mabenki hayakopeshi mabilioni kwa dhamana ya makombo.

Ujerumani waliumia ndipo wakajifunza. Julai 2002 magazeti yalifichua kwamba wanasiasa walikuwa wametumia maili za Lufthansa, zilizotokana na safari za kikazi, kwa safari zao binafsi. Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa jiji la Berlin, yaani uwaziri katika serikali ya jiji, kwa sababu hiyo. Cem Özdemir, kijana aliyekuwa aking'ara kwenye chama cha Kijani, aliachia nafasi yake bungeni kwa suala hilo pamoja na lile la mkopo aliouchukua kwa mshauri mmoja wa mahusiano ya umma. Özdemir alirudi baadaye na mwaka 2021 akawa waziri wa kilimo, kwa hiyo sisemi haya ili kumzika mtu. Nasema kwa sababu fedha iliyohusika ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na heshima iliyopotea. Kule palikuwa na kanuni: maili za safari ya bunge zitumike kwa safari ya bunge. Hapa kwetu siku gazeti litakapoandika habari kama hiyo, kiongozi atakayetajwa atauliza kanuni iko wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Wenzetu wamepita njia tofauti, na nimejaribu kuzipima kwa uzoefu wangu wa kazi. India, Wizara ya Fedha imeelekeza kwamba maili za tiketi za kikazi zitumiwe na idara kwa safari nyingine za kikazi, na anayezigeuza zake anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu. Australia wamekwenda mbali zaidi. Serikali kuu ina mkataba na mashirika ya ndege, na chini ya mkataba huo mtumishi hapewi pointi kabisa kwenye safari ya kazi. Serikali inajadili nauli yake. Marekani wakaenda upande mwingine. Zamani mtumishi wa serikali kuu alitakiwa kuzikabidhi, lakini sheria iliyosainiwa Desemba 2001 ilimruhusu abaki nazo. Sababu moja ilikuwa kwamba kuzifuatilia maili za mtu mmoja mmoja kulikuwa usumbufu mkubwa kuliko faida yake.

Najua wapo watakaoushika mfano wa Marekani na kusema tuache kama ilivyo. Naomba wausome wote. Mtumishi wa Marekani haruhusiwi kuchagua shirika kwa sababu ya maili. Serikali yake inajadili nauli kwa kila njia mapema, na kwa kawaida anatakiwa kuruka na shirika lililoshinda zabuni ya njia hiyo. Kwa maneno mengine, wamemwachia maili baada ya kumwondolea uchaguzi. Sisi tumemwachia vyote viwili.

Sasa ninachoomba.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni bei. Ningekuwa na nafasi ya kumnong'oneza Mlipaji Mkuu neno moja, ningesema: usikimbilie kukusanya maili, kimbilia punguzo. Serikali ni mteja mkubwa kuliko kampuni yoyote nchini, lakini inanunua tiketi kama familia elfu moja zisizojuana, kila taasisi kivyake, mara nyingi siku tatu kabla ya safari kwa sababu kibali kimechelewa. Mashirika yanayotua Julius Nyerere yanazo nauli za mikataba kwa wateja wakubwa. Yakiambiwa idadi ya safari za serikali nzima kwa mwaka kwenda Addis Ababa, Nairobi, Geneva na New York, yatakaa mezani. Punguzo la leo liko mkononi. Maili ni ahadi, tena ahadi ya upande mmoja: masharti ya mipango hii husema shirika linaweza kubadilisha bei ya tiketi kwa maili wakati wowote, na hubadilisha. Tiketi iliyokuwa ikipatikana kwa maili fulani mwaka juzi leo inadai zaidi. Nyingi zina muda wa kuisha. Za Emirates huanza kufutwa kati ya mwaka wa tatu na wa nne kama hazijatumika, na za Flying Blue kwa mwanachama wa kawaida hufutwa baada ya miezi 24 bila safari au shughuli nyingine inayozihuisha. Shirika likifa, zinakufa nalo. Air Berlin ilipofilisika Agosti 2017, wenye maili za mpango wake wa topbonus waliamka asubuhi hawawezi kuzitumia. Kwa hiyo hazina ya umma isiwekwe humo.

Lakini maili zitaendelea kuzaliwa hata tukijadili bei, na hapo ndipo akaunti za taasisi zinapoingia. Mashirika mengi yana mpango wa pili, wa makampuni, ambao maili au pointi zake huingia kwa mwajiri: Emirates Business Rewards, Qatar Beyond Business, bluebiz ya Air France na KLM. Kampuni binafsi hapa mjini zinaitumia. Mhasibu wa kampuni anafungua akaunti, namba inawekwa kwenye kila tiketi ya kazi, na mwisho wa robo mwaka anaona kilichoingia. Wizara ichunguze masharti ya kila mpango kama unaipokea taasisi ya serikali, na pale ambapo masharti yanataja kampuni tu, hilo liwe sehemu ya majadiliano ya bei. Ofisa Masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, awe ndiye msimamizi, na akaunti ikaguliwe kama inavyokaguliwa akaunti ya benki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maili za serikali hazina daftari.

Pale ambapo akaunti ya taasisi haiwezekani, basi maili zitaingia kwa mtu, na hapo naomba fomu ya marejesho ya masurufu iongezwe mistari miwili: namba ya uanachama iliyotumika, na maili zilizoingia. Mtumishi anaambatisha kadi ya kupandia ndege hivi sasa. Kuongeza taarifa ya maili ni dakika moja, kwa kuwa shirika humtumia kwa barua pepe. Maili hizo zitumike kwa safari yake inayofuata ya kazi. Akistaafu nazo, zitafutiwe matumizi ya ofisi kabla hajaondoka, kwa sababu mipango mingi inamruhusu mwanachama kumkatia mtu mwingine tiketi kwa maili zake.

Matumizi nayo yanahitaji akili, maana maili zinaweza kuliwa vibaya hata na taasisi. Matumizi mabaya kuliko yote ni kununulia bidhaa kwenye katalogi: birika, begi, saa. Thamani inayopatikana hapo ni sehemu ndogo ya ile ya tiketi. Matumizi mazuri ni pale nauli ya fedha taslimu imepanda lakini nafasi ya maili bado ipo, hasa safari ya ghafla. Na safari za ghafla serikalini tunazijua: mgonjwa wa rufaa anayetakiwa kufika Chennai au Mumbai wiki hii na msindikizaji wake, mtaalamu wa maabara aliyeitwa mlipuko ulipotokea, vijana waliofuzu mashindano na wizara haikuwa na kifungu. Kwa hao, tiketi ya maili ni msaada wa kweli. Tahadhari moja: tiketi ya maili si ya bure. Kodi, tozo za viwanja, na kwa mashirika mengine tozo za shirika lenyewe hulipwa kwa fedha, na zinaweza kuwa kubwa. Mara nyingine tozo ikijumlishwa, tiketi ya promosheni ya kawaida ni bora, na maili zibaki kusubiri siku ya dharura. Nafasi zenyewe ni chache, kwa hiyo anayeshika akaunti awe mtu anayejua kutafuta. Watu hao mnao ndani ya utumishi, na kama hawatoshi, sisi mawakala tutawafundisha.

Ndugu Katibu Mkuu Utumishi, kuna hoja moja ya watumishi ninayoiheshimu. Anayesafiri sana huchoka. Analala kwenye viti vya viwanja, anafika asubuhi na kuingia kikaoni, anakosa misiba na ubatizo nyumbani. Maili, kwake, ni pole. Jibu langu ni kwamba pole ya kazi inaitwa posho ya kujikimu na inaonekana kwenye bajeti. Kama haitoshi, ijadiliwe hadharani. Ila kadi ya dhahabu yenyewe ningemwachia. Chumba cha kupumzikia, mzigo wa ziada, foleni fupi ya kukagulia: hivyo vinamsaidia kufanya kazi, wala serikali haiwezi kuviuza ikapata kitu. Australia wamefanya hivyo hivyo. Pointi wamezikata, lakini alama za kupandia ngazi ya uanachama zinabaki kwa msafiri. Ni mpaka wa haki, na naamini watumishi wengi wataupokea.

Kisha kuna Air Tanzania. Ndege zake ni mali ya Serikali. Mtumishi anayekwenda Mumbai au Guangzhou kwa kazi, na ndege yetu inakwenda huko siku hiyo, lakini anaomba kuzungukia Ghuba ili aongeze maili zake, anaigharimu Serikali mara mbili: kwa nauli inayotoka nje, na kwa kiti chetu kinachoruka kitupu. Tunajitahidi kulijenga shirika hili kwa fedha nyingi za walipakodi. Waraka useme wazi kwamba maili haziwezi kuwa sababu ya kuikwepa, na kwamba anayekwepa aandike sababu nyingine kwenye dokezo lake na aisaini.

Nikikumbuka mwaka 2015, mara baada ya Hayati Rais Magufuli kuingia madarakani, safari za nje zilizuiwa ghafla na vibali vikahamia juu kabisa. Simu za ofisi yetu zilinyamaza. Wengi katika biashara yetu walilalamika, na hasara ilikuwepo. Lakini hatua ile ilihesabu safari tu. Kilichotokana na safari zilizoruhusiwa hakikuguswa na mtu, na hadi leo hakijaguswa. Jirani zetu wa Kenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 76, kwamba zawadi anayopewa ofisa wa dola kwenye shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri. Maili si zawadi kwa maana hiyo ya kisheria, lakini chanzo ni kilekile: zisingepatikana kama asingekuwa ofisini. Sisi tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na Sekretarieti ya kuisimamia. Wanasheria wenu wanaweza kuona kama maili zinaingia kwenye tamko la mali au zinahitaji kifungu chake. Mimi ni mtu wa tiketi, nitaishia hapo.

Sisi mawakala tutafuata tutakachoambiwa. Leo mteja akisema anataka shirika fulani, herufi fulani, na namba yake iingizwe, tunaingiza. Hatuna pa kusimamia kumkatalia. Waraka wa ukurasa mmoja ungetupa pa kusimamia. Useme nauli ya chini inayofaa ndiyo itakayokatwa, namba ya taasisi iingizwe kwanza, na maili zitamkwe kwenye marejesho. Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti za safari zitafunguliwa siku hiyo. Naomba waraka uwe umetutangulia mezani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkata tiketi,
Dar es Salaam.